Kifusi Kilikuwa Kizito Kuliko Nyumba

Mama ndiye aliyejua kwanza. Ufa ulikuwa haujatokea bado. Alijua kwa maji ya kudeki. Mwaka wa kwanza tangu ahamie, alikuwa akimwaga maji sebuleni na kuyasukuma kwa brashi hadi mlango wa nje, kufuata mwinamo ambao fundi aliuacha. Mwaka wa pili maji yakaanza ukaidi. Ukiyaelekeza mlangoni yanageuka, yanakatiza ukumbi, yanakwenda kutuama kwenye pembe ya jikoni, upande wa bonde. "Mwanangu," aliniambia kwenye simu, "hii sakafu haiko kama mlivyoniachia." Nikamjibu kwamba labda brashi imechakaa. Jibu hilo bado linaniuma.

Nyumba iko Mbeya, ng'ambo ya Uyole, upande wa Igawilo. Mama alistaafu ualimu wa shule ya msingi na kiwanja alikinunua kwa mafao yake. Zamani lilikuwa shamba la mboga: chainizi, karoti, vitunguu. Kiangazi chote udongo wake ulibaki na unyevu, na ukichimba kwa jembe ulikuwa mweusi na unanata kwenye kisigino. Wenzetu wa Iringa wangekiita kinyungu na wangekilima Juni hadi Oktoba bila kuwaza kujenga juu yake. Sisi tuliona bei nzuri, jirani na barabara, maji karibu.

Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi Mafiati. Nauza saruji, nondo, misumari, bati. Kila siku nasikia mafundi wakijadili misingi mbele ya kaunta, kwa hiyo nilijiona najua. Fundi alipofika kiwanjani alikanyaga mara mbili, buti likazama hadi kwenye kamba, akasema, "Dada, tope halisikii maneno, linasikia mawe." Nilikubaliana naye kabisa. Tukaleta kifusi kwanza ili kiwanja kiwe sawa na barabara, kisha msingi wa mawe wenye upana wa sentimita 45 na kimo cha mita 1, juu yake jamvi, yaani sakafu ya zege, halafu tofali za inchi 6. Kifusi peke yake kilikuwa tripu 38 za tipa ya tani 7. Risiti ninazo hadi leo, na ndizo zilizonifumbua macho.

Ufa ulipokuja ulianzia pembe ya dirisha la jikoni, ukapanda kwa ngazi kufuata viungo vya tofali hadi ukagusa linta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha. Fundi akaupanua kwa patasi, akauziba kwa saruji, akapaka rangi. Kifuku kilichofuata, msimu wa mvua, ukafunguka palepale, safari hii ukaingia kidole cha mwisho cha mama. Mlango wa jikoni ukaanza kukwama juu na kuacha nafasi chini. Fundi akashauri tuchimbe pembeni tuongeze mawe na zege, "tuipige koti." Nilikuwa tayari nimetenga mifuko 30 ya saruji.

Aliyenizuia ni mzee mmoja, injinia mstaafu, mteja wangu wa waya wa kufungia nondo. Nilimsimulia huku namkatia risiti. Akaweka waya chini. "Mgonjwa anaumwa miguu, wewe unataka kumtwika gunia jingine?" Siku ya Jumapili alikuja kiwanjani na kopo la rangi la lita 4 lililokatwa kitako, kipande cha mbao, nyundo, na mzani wa kuning'iniza ambao wauza mchele wanautumia sokoni.

Kazi aliyoifanya mtu yeyote anaweza kuifanya. Alichimba kashimo nje ya uzio, pale ambapo udongo wa bonde haukuguswa na kifusi. Akaweka kopo mdomo chini, akaweka mbao juu yake, akaligonga taratibu hadi likazama lote kwenye udongo. Akalichimbua na udongo wake ndani, akakata kwa kisu sehemu iliyozidi juu na chini, akaning'iniza. Baada ya kutoa uzito wa kopo, udongo wa bonde ulikuwa kilo 6.4. Lita 4 zina kilo 6.4, basi mita moja ya ujazo ina tani 1.6. Akarudia kwenye kifusi chetu kilichoshindiliwa: kilo 7.2, yaani tani 1.8 kwa mita ya ujazo.

Kisha tukakaa barazani na risiti zangu. Tulipima nyumba kipande kwa kipande. Kuta zote na plasta yake, tani 60. Linta, tani 4. Mbao na bati, tani 5. Jamvi, tani 24. Nyumba yote ambayo mama anaiona, kuanzia kofia ya paa hadi sakafu anayodeki, tani 93. Msingi wa mawe uliofichika chini, tani 64. Na kifusi, tripu 38 mara tani 7, tani 266.

Nilirudia hesabu mara tatu. Miaka yote nilidhani nyumba ndiyo mzigo na kifusi ni ardhi. Udongo wa bonde haujui tofauti hiyo. Kwake, kila kilicholetwa na tipa ni mzigo uliowekwa mgongoni juzi.

Halafu ikaja sehemu iliyoeleza maji ya kudeki. Kiwanja kilikuwa kinateremka, kwa hiyo kifusi hakikuwa na kina kimoja. Chini ya baraza la mbele kilikuwa sentimita 40 hivi, kama tani 0.7 kwa kila mita ya mraba. Chini ya pembe ya jikoni kilikuwa mita 1, tani 1.8. Nyumba na msingi wake, ukigawa kwa eneo lake, ni tani 1.4 kwa mita ya mraba. Kwa hiyo jikoni udongo laini ulikuwa umebebeshwa zaidi ya nyumba mbili, na barazani nyumba moja na nusu. Nyumba ikishuka yote sawasawa, unaongeza ngazi mlangoni na maisha yanaendelea. Ikishuka upande mmoja, tofali hazipindi, zinapasuka.

Nilimuuliza mzee kwa nini nyumba ilisubiri mwaka mzima. Akanikumbusha komoni, pombe yetu ya kienyeji. Ukikamua machicha ya komoni kwenye mfuko, maji hayatoki kwa mkupuo. Unabana, yanachuruzika, unabana tena, na kadiri yanavyotoka ndivyo mfuko unavyopungua. Tope la bonde ni hivyo hivyo. Limejaa maji katikati ya chembe ndogo mno, na njia za kutokea ni nyembamba. Siku unapoweka mzigo, maji ndiyo yanaubeba. Yanapovuja kidogo kidogo, mzigo unahamia kwenye chembe zenyewe, zinasogeleana, nyumba inashuka. Karl Terzaghi ndiye aliyeliweka jambo hili kwenye hesabu, katika kitabu alichokitoa mwaka 1925, na kazi hiyo ndiyo iliyoanzisha elimu ya udongo wanayosoma mainjinia hadi leo. Inaweza kuchukua miezi au miaka mingi, kutegemea unene wa tope.

Ndipo mzee akaniambia kuhusu msingi wa kuelea. Nilidhani ni nyumba inayokaa juu ya maji. Akaniuliza kama nimefika Matema. Nimefika, ni mwambao wa Ziwa Nyasa na sisi watu wa Mbeya ndiyo bahari yetu. "Umeona mitumbwi. Gogo lile lile, kabla halijachongwa, linazama karibu lote. Likitobolewa katikati linabeba watu na samaki. Hawajaongeza kitu. Wametoa."

Msingi wa kuelea ni huko kutoa. Kabla hujajenga, udongo ulio mita moja chini ya kiwanja umekwishazoea kubeba udongo ulio juu yake, kwa maelfu ya miaka. Ukichimba mita moja, umempunguzia tani 1.6 kwa kila mita ya mraba. Ukimrudishia nyumba yenye uzito uleule, kwake hakuna jipya lililotokea, na kwa sababu hakuna mzigo mpya, hakuna maji mengi ya kukamuliwa. Badala ya mitaro iliyojazwa mawe, unamwaga jamvi zito lenye nondo juu na chini, chini ya nyumba nzima, na kuta fupi za zege zinazolifanya sanduku. Ndani ya sanduku kunabaki wazi. Uwazi huo ndio dawa yenyewe, na ndiyo maana ukiujaza kifusi ili "usipotee bure" umeua msingi wote.

Wanaojua jambo hili kwa uchungu ni watu wa Mexico City. Mji ule umekaa juu ya tope la ziwa la kale, Texcoco, na umekuwa ukizama kwa sababu maji ya chini yamepampiwa kwa miaka mingi. Jumba lao la sanaa, Palacio de Bellas Artes, ni zito mno na limezama mita kadhaa. Si mbali na hapo, Leonardo Zeevaert alisanifu msingi wa Torre Latinoamericana, ghorofa 44, lililokamilika mwaka 1956. Alichimba mita 13 hivi, akaweka sanduku la zege linaloelea kwa sehemu ya mzigo, na sehemu nyingine akaibebesha nguzo 361 zilizofika kwenye tabaka la mchanga chini. Mwaka 1957 tetemeko likapita, jengo likasimama. Septemba 1985 likaja kubwa zaidi, likaangusha mamia ya majengo mjini, na jengo hilo likasimama tena. Nalitaja tetemeko kwa makusudi. Sisi tunaishi kwenye Bonde la Ufa. Mwaka 1910 eneo la Rukwa lilitikiswa na tetemeko la kiwango cha 7.4, moja ya makubwa kuliko yote yaliyopimwa Afrika. Na ardhi laini hutikisika kuliko mwamba.

Nilipoelewa, niliwaka moto. Nilitaka kila nyumba ya bondeni Mbeya ijengwe hivyo. Mzee akaniambia tuisanifu ya mama upya kwenye karatasi, kana kwamba kifusi hakijaja. Tukatoa mawe, tukatoa kifusi. Kuta, linta na paa, tani 69. Jamvi la chini la sentimita 20, mita za mraba 110, tani 53. Kuta fupi za ndani, tani 20. Sakafu ya juu ya sanduku, tani 28. Jumla tani 170. Kuchimba mita 1 kwenye eneo hilo kunatoa tani 176. Mizani ilikaa karibu sawa, nami nikashangilia.

"Sasa," akasema, "umemaliza sanduku na sakafu yake mwezi Machi, hela imeisha, kuta utapandisha Agosti. Mvua inanyesha, maji yamefika usawa wa ardhi. Sanduku lako lina tani ngapi?" Nikajumlisha: 101. "Na maji linayoyasukuma?" Mita za ujazo 110, tani 110. Nikanyamaza. Sanduku lingenyanyuka. Nyumba isiyo na kuta ingeng'oka kama mtumbwi uliolegea kamba.

Niliamini mara moja kwa sababu nilikwisha kuona kitu cha namna hiyo. Jirani wa mama alifukia tangi la plastiki la lita 5,000 ili atunzie maji chini. Lilikuwa tupu. Aprili, baada ya mvua ya siku tatu mfululizo, asubuhi tukakuta udongo umepasuka kwa mduara na tangi limechomoza bega lote juu, bomba lake limekatika. Watoto walikuwa wakilisukuma linazunguka. Wakubwa walizungumza mambo ya uchawi. Lilikuwa ni maji tu, yanafanya yanachofanya chini ya mtumbwi. Kwa hiyo anayejenga sanduku bondeni anapaswa kupampu maji wakati wote wa kazi, au kuacha matundu ili maji yaingie mpaka uzito wa kuta na paa uwe umefika. Na zege lazima lizuie maji kweli kweli, maana sanduku likijaa maji baadaye uzito uliouokoa umerudi.

Kwa nyumba ya chumba na sebule, au hata ya vyumba vitatu bila ghorofa, sipendekezi sanduku kamili kwa kila mtu. Nondo na zege lake ni ghali, nami ndiye ninayeviuza, kwa hiyo naamini naweza kuaminiwa ninaposema usinunue. Ninachokipigania ni mizani. Kama lazima ujaze kifusi, jaza, shindilia, kisha kiache kikae vifuku viwili kabla ya kuleta tofali la kwanza. Kifusi kitafanya kazi ya kukamua maji wakati hakuna ukuta wa kupasuka. Mnara wa Pisa kule Italia ulianza kujengwa mwaka 1173 na ukasimama kwenye ghorofa ya tatu kwa karibu miaka 100. Wataalamu wanasema mapumziko hayo yaliupa udongo nafasi ya kukaza, la sivyo ungeanguka ukiwa bado unajengwa. Au jenga nyepesi. Wazee wa Kyela, bondeni kule kwenye mpunga na mafuriko, walijenga nyumba za mianzi zilizofumwa kwa ufundi wa hali ya juu, na hawakufanya hivyo kwa ufukara. Uzito wa nyumba zao uliendana na ardhi yao.

Watu wananiuliza pia kuhusu yale mawe mepesi yenye matundu, ya kusugulia visigino, yaliyotoka kwenye volkano ya Rungwe. Kopo letu la lita 4 likijazwa chenga zake kavu halifiki kilo 3. Badala ya kifusi ingekuwa nafuu kubwa mno. Ila yananyonya maji na yanasagika yakishindiliwa vibaya, hivyo yapimwe na injinia kwanza. Kule Norwei, mwaka 1972, walijaza barabara juu ya tope kwa maboksi ya povu la plastiki, mepesi kuliko udongo mara mia hivi. Wazo ni hilo hilo la mtumbwi.

Na kuna mabonde ambayo hayafai kujengwa kwa msingi wowote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mzee aliipima hiyo pia kwa hatua zake kabla hajagusa kopo. Mama alikuwa nje ya mita hizo. Majirani wawili hawakuwa.

Sasa nyumba yenyewe. Hatukuongeza jiwe hata moja. Eneo la kifusi lilikuwa mita 17 kwa 11, na upande wa bonde lilizidi nyumba kwa mita 4 na nusu, uwanja ambao mama alikuwa anaanikia nguo. Tuliacha mita 1 na nusu kutoka ukutani, tukakata mteremko, na kuanzia hapo kwenda bondeni tukaondoa kifusi chote hadi kwenye udongo mweusi. Vijana wanne, makoleo na toroli, siku tisa. Karibu tani 60 zilitoka. Pisa nako waliuokoa mnara kwa kuchimbua udongo kidogo kidogo upande wa pili wa mwinamo, hadi kilele kikarudi zaidi ya sentimita 40, wakaufungua tena mwaka 2001. Yetu haikurudi, wala hatukutegemea irudi. Tulitaka isimame.

Juu ya ufa tulipaka vibandiko vitatu vya plasta nyembamba, kimoja jikoni, kimoja ukumbini, kimoja nje, kila kimoja kimeandikwa tarehe kwa msumari ikiwa mbichi. Plasta haivutiki, ukuta ukisogea hata kidogo inakatika. Mama ana daftari, la mistari, kama aliyokuwa akisahihisha. Kila tarehe 1 anapita na tochi na kuandika kwa kalamu nyekundu. Cha ukumbini kilikatika Februari ya kwanza, unywele tu, tukakipaka upya. Tangu hapo vifuku viwili vimepita. Ukurasa mzima una neno moja, "kizima," limerudiwa mara tatu kwa kila mwezi. Maji ya kudeki bado yanakwenda pembe ya jikoni. Ametoboa tundu hapo, ameweka bomba, yanatoka yenyewe kwenda kwenye magimbi aliyoyapanda pale kifusi kilipotoka.

Mdogo wangu amenunua kiwanja Uyole, mwinuko mzuri isipokuwa pembe moja yenye majani ya majimaji. Wiki iliyopita alipita dukani kuniomba nimtafutie mtu wa tipa. Nilimwambia nitamtafutia, lakini aje Jumapili kwanza. Kopo liko chini ya kaunta, na mzani nimeuazima sokoni Mwanjelwa.